Tiki Aliposema Haiumi

Darasa la sita lilipokuwa kimya, hasa wakati wa mtihani, ilisikika sauti ndogo kutoka dawati la pili karibu na dirisha: tiki, tiki, tiki. Haikuwa saa ya ukutani, maana hiyo ilikuwa imekufa siku nyingi na hakuna aliyeizika. Ilikuwa sauti ya kifua cha msichana wa miaka kumi na miwili. Tangu arudi kutoka hospitali, hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Aliitwa Tiki. Walimu nao waliambukizwa, hata mwalimu wa hesabu akisahihisha daftari lake aliandika chini, "Vizuri, Tiki."

Moyo wa Tiki ulikuwa na vali ya chuma. Vali ni mlango mdogo ndani ya moyo. Hufunguka damu ipite, hufungwa damu isirudi nyuma. Mlango wake wa kuzaliwa uliharibiwa na ugonjwa ulioanzia kooni. Alivimba koo akiwa mdogo, watu wakadhani ni mafua tu, ugonjwa ukashuka kwenye viungo na mwisho ukaketi moyoni. Madaktari walimpasua kifua, wakautoa mlango mbovu na kuweka mpya. Mwaka ulikuwa umepita. Asubuhi alikwenda shule kama wenzake. Mchana alimsaidia mama yake, ambaye alikuwa mshonaji wa sare za shule, kukata nyuzi na kupanga vifungo. Jioni, saa kumi na mbili kamili, alimeza kidonge cha kuzuia damu isigande kwenye vali, huku mama amemsimamia kama askari.

Siku moja ya kliniki, baada ya kutolewa damu ya kupimwa, muuguzi wa wodi ya watoto alimwita pembeni. Wagonjwa wote walimwita Sista. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa uso na mkali wa sauti.

"Tiki, mwanangu, nina mtoto kitanda cha nne. Jumatatu ijayo anafanyiwa upasuaji kama wako. Ana miaka kumi na mmoja. Hali chakula, halali usingizi, na maneno yetu sisi wakubwa hayaamini. Kaa naye kidogo, umwambie ilivyokuwa. Wewe umeyapitia."

Tiki alihisi kichwa kimekua. Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba kazi kubwa kama ile.

Msichana wa kitanda cha nne aliitwa Kitinda, kwa kuwa alikuwa kitinda mimba wa watoto sita. Alikuwa mwembamba, na shingoni mshipa ulikuwa ukipigapiga. Baba yake, kinyozi, alikaa kwenye kiti cha mbao akiwa bado amevaa koti lake la kazi, mabegani kuna nywele za wateja.

"Shikamoo, baba," Tiki alisema.

"Marahaba. Karibu, binti. Tumeambiwa wewe ndiye bingwa."

Neno hilo lilimwingia Tiki kama sukari. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua kifungo cha juu cha blauzi, akaonyesha mwanzo wa kovu. Kitinda alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Iliuma?"

Tiki alijua jibu. Alikumbuka alivyozinduka na bomba kooni, akitaka kumwita mama na sauti haitoki. Alikumbuka kila pumzi ilivyomkata kifua. Hakuwa amewahi kumsimulia mtu hayo yote. Lakini macho ya Kitinda yalikuwa yamemtoka kwa hofu, na kinyozi naye alikuwa ameinama mbele akisubiri jibu.

"Hata kidogo," Tiki alisema. "Unalala, unaamka, umeshapona. Wiki ileile mimi nilikuwa nacheza mpira."

"Kweli?"

"Kweli. Hata sindano ya kliniki inauma kuliko ile operesheni."

Kinyozi alicheka, mara ya kwanza tangu walazwe. Kitinda akaomba maji, akanywa, akaomba na mkate. Tiki alipoona jinsi uongo wake ulivyomwondolea yule mtoto hofu, akaongeza mwingine, na mwingine juu yake. Sista alipopita na kuona mgonjwa anakula, alimpiga Tiki begani. "Umefanya kazi nzuri," alisema, wala hakuuliza imefanywaje.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu na vali mpya ikakaa vizuri. Jumamosi iliyofuata Tiki alikwenda kumtazama mwenzake, amebeba machungwa matatu na picha aliyoichora ya wasichana wawili wakicheza mpira. Njiani alikuwa akijipangia maneno ya kupokea shukrani.

Kitinda alikuwa amelala chali, mdomo mkavu, anapumua haraka haraka, pumzi fupi fupi. Alipomwona Tiki, aligeuza uso ukutani.

"Kitinda, ni mimi."

Kinyozi alisimama, akamshika Tiki mkono na kumtoa hadi ukumbini. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Anakataa kukohoa," alisema. "Sista anamwambia akohoe atoe makohozi, yeye anabana pumzi. Sasa mapafu yamejaa, homa imepanda tangu juzi. Jana ameniuliza tutamzika wapi."

Tiki alikodoa macho.

"Nikamwambia, mwanangu, unasema nini, operesheni yako imekwenda vizuri. Akanijibu, 'Baba, usinifiche. Tiki hakuumwa. Mimi naumwa. Kwa hiyo yangu imeshindikana, na nyote mnajua.'" Kinyozi akauachia mkono wa Tiki. "Nimemwapia. Daktari amemweleza. Yeye hatusikilizi sisi. Anakusikiliza wewe, uliyemwambia haiumi. Nenda nyumbani, binti."

Tiki alirudi nyumbani na machungwa yake. Mama alimwuliza hali ya mgonjwa akiwa bado anakanyaga cherehani, naye akajibu, "Anaendelea vizuri." Ulimi uliokwisha zoea haukusita. Jioni alimeza kidonge, akakaa na sahani mbele yake mpaka chakula kikapoa. Nyumba ilipotulia alisikia kifua chake kikigonga, na kila kilipogonga aliona uso wa Kitinda umegeukia ukuta.

Kesho yake asubuhi alimkuta mama anashona mikono ya mashati. Akasimama mlangoni.

"Mama, nilipoamka baada ya operesheni, nililia?"

Mama aliinua mguu kutoka kwenye kikanyagio. Cherehani ikanyamaza. "Ulilia bila sauti. Bomba lilikuwa kooni. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni, nami nayafuta, yanaingia tena. Kisha nikatoka nje nikalia kwa sauti, kwa niaba yako. Mbona leo unauliza?"

Tiki akasema yote: sifa alizopenda, swali aliloulizwa, jibu alilotoa, mpira ambao hakuucheza mpaka miezi ilipopita, na swali la Kitinda kuhusu kuzikwa. Alitarajia mama amkumbatie, au amchape kwa maneno. Mama hakufanya lolote kati ya hayo. Alikunja shati alilokuwa analishona, akaliweka kando, akavaa viatu.

"Twende hospitali. Mdomo uliobomoa ndio utakaojenga. Mimi siwezi kukusemea."

Walimkuta Sista akiandika kwenye meza ya wodi na kinyozi amesimama karibu naye akiuliza habari za homa. Mbele yao Tiki aliyarudia yote aliyomwambia mama, akitazama sakafu. Alipomaliza, Sista aliweka kalamu chini.

"Na mimi nilikutuma, nikaona mgonjwa anakula, nikafurahi," alisema. "Nilipaswa kusikiliza ulichokuwa unamwambia. Hilo ni langu. Lakini uongo ni wako."

Kinyozi aliwapa kisogo, akatoka nje, na mlango ukajifunga polepole nyuma yake. Tiki aliwahi kuchapwa siku moja kwa kuvunja dirisha la jirani. Maumivu ya siku ile hayakufika hata robo ya mgongo wa mzee yule akitoka.

Sista alimpeleka kitandani. Kitinda alikuwa bado ameutazama ukuta, ngozi imewaka homa.

"Nilikudanganya," Tiki alisema. "Iliuma. Siku ya kwanza nilidhani wamenisahau na kisu ndani. Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Ya tatu waliponikalisha nilitaka kufa. Sikucheza mpira wiki ile. Nilikuwa siwezi hata kuinua kikombe."

Sauti kavu ikatoka ukutani. "Muongo."

"Ndiyo."

"Sasa nitajuaje kama leo ndio husemi uongo? Labda Sista amekutuma ili nikohoe."

Mtu akishadanganya, hata ukweli wake huomba shahidi. Tiki alimgeukia Sista, na Sista akanyoosha mkono wake wa kushoto juu ya shuka. Chini ya kidole gumba palikuwa na alama ndogo mbili, kama za jino la panya.

"Huyu bingwa wenu," Sista alisema, "nilimwambia akohoe, siku ya tatu, akanitia meno. Sijawahi kumwambia mtu, maana ni aibu muuguzi kuumwa na mgonjwa wa kilo ishirini na tano."

Kitinda aligeuza kichwa. Aliitazama ile alama, kisha akamtazama Tiki.

"Ulimuuma?"

"Nilimuuma. Ilikuwa inaniuma kiasi hicho."

"Na hukufa."

"Sikufa. Kitinda, kuumwa kwako si kwamba imeshindikana. Ndivyo inavyokuwa kwa kila mtu. Mimi ndiye niliyekuficha."

Kitinda alianza kulia, na kilio kikamkata kifua, akazidi kulia. Tiki alichukua mto, akamwekea kifuani jinsi yeye mwenyewe alivyofundishwa. "Ukumbatie. Ubane kwa nguvu, mfupa usitikisike. Vuta pumzi. Tukohoe pamoja."

Wakakohoa. Mmoja alikuwa na makohozi, mwingine hakuwa na chochote, lakini wote walikohoa. Kitinda alipiga ukelele, akatetemeka, akatema kwenye bakuli alilomshikia Sista.

"Inauma," alisema.

"Inauma. Kesho itauma pia, ila itapungua kidogo."

"Kiasi gani?"

"Sijui. Kidogo."

Kuanzia siku ile, Tiki alitoka shule na kwenda moja kwa moja wodini. Wenzake walikwenda uwanjani. Yeye alikwenda kukohoa. Kitinda hakumchangamkia. Siku nyingine walikohoa mara kumi bila kusemezana neno jingine. Siku nyingine Kitinda aliuliza maswali mfululizo, kwa sauti ya hakimu: Kovu litawasha? Litawasha. Watoto watanicheka kwa sauti ya kifua? Wengine watacheka, wengine watakuomba wasikilize. Dawa nitaacha lini? Hutaacha, hata ukizeeka. Kwa jibu hilo Kitinda alinuna siku mbili, lakini dawa alimeza.

Homa ilishuka baada ya siku tisa. Wiki ambazo zingekuwa mbili hospitalini zilikuwa tano. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulifanyika bila Kitinda, na mwalimu wake alituma ujumbe kwamba itabidi arudie darasa. Siku ujumbe huo uliposomwa Tiki alikuwepo. Kitinda hakumlaumu. Alivuta shuka hadi kichwani, na chini ya shuka hapakusikika kitu isipokuwa sauti mpya ya moyo wake, tiki, tiki.

Siku ya kuruhusiwa, kinyozi alifika mapema akiwa na begi tupu. Kwa majuma yote yale alikuwa akiitikia shikamoo ya Tiki na kuishia hapo. Leo alimwita, wakakaa kwenye benchi la ukumbini.

"Mwanangu," alisema, "mimi nanyoa watoto kila siku. Mtoto anayekuja kwa mara ya kwanza, nikimwambia mashine haitamgusa, ikimgusa tu anarusha kichwa, nami namkata. Lakini nikimwambia, 'Itanguruma, itakutekenya, na hapa nyuma ya sikio itauma kidogo,' anafumba macho, anakaza meno, anakaa. Mtoto anaweza kuvumilia maumivu aliyoambiwa. Yale aliyofichwa ndiyo yanayomtisha. Mwenzio akiwa na hofu, usimpe maneno matamu. Mpe ya kweli, kisha usiondoke. Hivyo vyote viwili. Kimoja peke yake hakitoshi."

"Nimesikia, baba. Nisamehe."

Kinyozi alitazama mikono yake. "Siku ile na mimi nilicheka. Nilitaka kudanganywa. Mtoto wangu alikuwa anakuuliza, nami ndani ya moyo nakuomba useme haiumi. Kwa hiyo samahani yako nimeipokea. Ya kwangu bado naitafuta pa kuipeleka."

Kitinda alitoka wodini akitembea polepole, mto ameubana kifuani kwa mazoea, Sista nyuma yake akimkumbusha tena habari ya dawa na ya kutobeba vitu vizito. Tiki alisimama, mikono ikiwa tayari kukumbatia. Kitinda alisimama hatua mbili mbali naye.

"Asante kwa kukohoa," alisema. "Lakini mwaka wangu wa shule umekwenda, Tiki. Kila nikiukumbuka nakukasirikia."

"Najua."

"Kliniki yangu ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Na yako?"

"Hiyohiyo."

"Basi tutakaa pamoja. Nikikuuliza kitu, unijibu kama kilivyo."

"Nitakujibu."

Tiki na mama yake, aliyekuwa amekuja naye siku hiyo, wakawatazama baba na binti wakishuka ngazi, moja moja, wakipumzika katikati. Mama alimshika Tiki bega na kumwambia saa zinakwenda, sare za watu zinasubiri.