Kwetu ni Upande Upi?

Kila Alhamisi mama yake Keeley Ackroyd alikuwa zamu ya jioni ghalani, kwa hiyo Keeley alitoka shule akapitia dukani kwa samaki na chipsi, akaenda kula kwa bibi yake. Rafiki yake Demi Sykes alimfuata kama kawaida, akidokoa chipsi njia nzima.

Nyumba za kijiji cha Carr Royd zimeshikana ukuta kwa ukuta, matofali yale yale, milango ile ile. Mlango wa jirani na bibi yake ulikuwa wazi, na Bibi Beryl alikuwa ameketi kizingitini, blanketi magotini, kama alivyoketi jana na juzi.

"Mechi saa ngapi, kipenzi?" akauliza.

"Imeshaisha, Bibi Beryl! Tumeshinda mia kwa sifuri!"

Bibi Beryl akapiga makofi kwa furaha. Demi akacheka hadi akapaliwa. Mchezo huo waliucheza kila siku, kwa sababu Bibi Beryl alikuwa amekwisha kusahau lile jibu la jana.

"Keeley!" Sauti ilitoka ndani. "Mwache Beryl, mtoto wewe. Lete hivyo vyakula kabla havijapoa."

Huyo alikuwa Nana Doreen, bibi yake. Alikuwa mama mfupi, mabega mapana, pua iliyovunjika zamani na kupona upande. Alimimina chai, akatia siki kwenye chipsi, halafu akaanza habari ambayo wasichana wote wa Carr Royd wanaijua na hawachoki kuisikia.

Mwaka ule wa mgomo wa wachimba makaa, wanaume walikaa nyumbani bila mshahara. Wanawake wakapika supu katika ukumbi wa kijiji, sufuria moja kubwa kwa watu wote. Siku moja, vyombo vikiwa vimeoshwa, mmoja wao akachukua mpira wa raga wa mwanawe, wakatoka nje kujaribu. Wanaume wakaja na viti vyao ili wacheke vizuri.

"Walicheka nusu saa," Nana alisema. "Halafu Beryl akamwangusha dada yake puu, mzima mzima, wakanyamaza. Wiki ya pili waliacha viti nyumbani. Walikuja kufundishwa."

Vijiji vya jirani navyo vikaunda timu, na ligi ya wanawake ikazaliwa. Kombe hawakuwa nalo. Wakashindania ile sufuria ya supu, na mpaka leo inashindaniwa hiyo hiyo, pamoja na kibonyeo chake ubavuni. Washindi hupikiwa supu ndani yake.

Jumapili hii wasichana wa chini ya miaka kumi na minne wangecheza fainali, nyumbani Carr Royd, dhidi ya Thorpe Hagg. Keeley alikuwa hajawahi kuonja supu ile.

Baada ya kula, wawili wale walitoka kwenye uchochoro wa nyuma kufanya mazoezi ya kuangushana. Demi alikuja mbio, Keeley akajitupa miguuni mwake kumkaba. Alichelewa kidogo. Goti la Demi likampata kwenye sikio.

Keeley alipoinuka kuketi, taa moja ya barabarani aliiona mbili. Akainama, chipsi zote zikarudi.

"Namwita Nana," Demi akasema.

"Thubutu!"

"Kocha Jo alisema ukigongwa kichwa lazima useme."

"Nikisema, nakaa nje wiki tatu. Fainali kwisha. Na watu watauliza nani alinigonga. Utawajibu nini?"

"Basi, sitasema," Demi akaahidi. Keeley alijua amemshika pabaya.

Ijumaa kichwa kiligonga kama mlango wa choo kwenye upepo. Jumamosi Nana alimwuliza mbona anafumba macho taa ikiwashwa. "Usingizi tu, Nana." Na usiku ule hakulala.

Jumapili mvua ya rasharasha ilinyesha toka asubuhi. Kijiji kizima kilisimama pembeni mwa uwanja na miavuli. Bibi Beryl aliletewa kiti chake karibu na mstari, kama ilivyo desturi kwa wachezaji wa kwanza wa ligi. Nana Doreen alisimama nyuma yake.

Kipindi cha kwanza Keeley alicheza kwa hasira ya kutaka kumaliza. Kila alipoangushwa, kelele za watu zilikwenda mbali, kisha zikarudi. Timu zilipobadilishana pande, Carr Royd waliongoza nane kwa sita.

"Keeley, umepauka," Demi alimnong'oneza. "Mwambie kocha. Tafadhali."

"Uliahidi."

Dakika zilikwenda. Thorpe Hagg walisukuma, Carr Royd wakawazuia, tope likawaganda hadi kwenye kope. Kisha Keeley akapata mpira karibu na goli la kwao, akakimbia, wawili wakamwangusha. Hapakuwa na kosa lolote, walimkaba vizuri kabisa.

Katika mchezo wao, aliyeangushwa huinuka, hutazama goli la wapinzani, huweka mpira chini na kuusukuma kwa mguu nyuma kwa mwenzake. Watoto wa Carr Royd hujifunza hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Keeley akainuka. Akatazama. Akauweka mpira chini, akausukuma.

Aliwasukumia Thorpe Hagg. Alikuwa ametazama goli la Carr Royd.

Msichana wa Thorpe Hagg aliuokota huku haamini macho yake, akakimbia hatua chache, akauweka chini nyuma ya mstari. Pointi nne. Kumi kwa nane.

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Asante mama!" wakapiga kelele wale wa Thorpe Hagg. "Njoo tukupe jezi yetu!"

"Mnunulieni dira huyo!"

Hapo sauti moja nyembamba ikapita juu ya zote. "Mtoeni! Mtoeni mtoto! Hajui kwao ni upande upi!"

Ilikuwa Bibi Beryl. Blanketi lilikuwa limeanguka kwenye tope.

"Keti, mama," mwanamume mmoja akasema. "Wewe mwenyewe hujui leo ni siku gani."

Watu wakacheka tena. Nana Doreen hakucheka. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

Kocha Jo alikuwa tayari uwanjani. Alimshika Keeley mabega. "Nitazame. Umegongwa?"

"Nimeteleza tu, kocha. Niko sawa."

"Na wiki hii? Popote? Shuleni, nyumbani?"

Refa alisubiri. Demi alikuwa amesimama kando, ameishika kinga yake ya meno mkononi. Ahadi aliitunza, nayo ilikuwa inamtafuna mzima mzima.

Keeley akageuza macho. Bibi Beryl alikuwa amevuka mstari, yumo ndani ya uwanja na ndala za nyumbani, mkono ameunyoosha.

"Kule, kipenzi! Goli lao ni kule! Nenda kule!"

Keeley akatazama kule alikoonyeshwa. Kulikuwa na nguzo mbili. Akatazama upande wa pili, kulikuwa na nguzo mbili. Alizaliwa umbali wa kurusha jiwe kutoka uwanja ule.

"Kocha," akasema polepole, "sijui kama Bibi Beryl anasema kweli."

"Unasemaje?"

"Kwetu ni upande upi? Sijui. Niligongwa Alhamisi. Nikatapika. Demi alitaka kusema, mimi nikamkataza."

Kocha Jo hakumgombeza. Alimwita mtu wa huduma ya kwanza, wakamtoa taratibu, na Saira Hussain akaingia badala yake. Demi alimwaga machozi, akarudisha kinga ya meno mdomoni, akacheza kama simba. Dakika ya mwisho alifika hadi kwenye mstari wa Thorpe Hagg, mpira ukazuiwa upana wa kiganja kutoka chini. Honi ikalia. Kumi kwa nane.

Jioni, Keeley na Nana waliporudi kutoka hospitali, ukumbi ulikuwa bado umejaa. Daktari alikuwa amesema ni mtikisiko wa ubongo: apumzike, asicheze hadi aruhusiwe. Wasichana wa Thorpe Hagg walikuwa wanakunywa supu.

"Ile yetu," Keeley akasema, akaanza kulia. "Nimewapotezea."

Nana alimketisha pembeni, Demi akaja akaketi nao.

"Sikilizeni, nyote wawili," Nana alisema. "Unajua kwa nini Beryl alikuona kabla ya sisi wote? Fainali yetu ya kwanza, uwanja huu huu, naye aligongwa, akainuka akawasukumia wapinzani mpira. Tulicheka hadi tukalia. Tukampangusa tope, tukamwambia endelea. Akaendelea, siku ile na miaka mingi. Hakuna aliyetuambia kwamba ni hatari. Daktari hawezi kuapa kwamba ndiyo sababu ya hali yake ya leo. Lakini mimi nikimwona pale kizingitini, sijui nitazame wapi."

Keeley akakumbuka mia kwa sifuri. Masikio yakamwaka.

"Sisi hatukujua. Wewe ulijua, ukaficha, na ukamtwisha mwenzako uficho wako. Mficha maradhi kilio humuumbua, mwanangu. Leo umesema mwenyewe, mbele ya watu wote, na hilo limenifurahisha kuliko supu yoyote. Sufuria itarudi mwakani. Kichwa hakina mwakani."

"Nisamehe, Demi," Keeley akasema.

"Ukinifunga mdomo tena," Demi akajibu, akipangusa pua, "nitakuuma."

Meza ya jirani Bibi Beryl alikuwa na bakuli lake. Aliinua macho, akatabasamu.

"Mechi saa ngapi, kipenzi?"

Keeley akavuta kiti, akaketi karibu naye kabisa.

"Imeshaisha, Bibi Beryl. Tumefungwa kumi kwa nane."

Safari hii Bibi Beryl hakupiga makofi. Alimsogezea Keeley bakuli lake la supu, akampa kijiko.

"Kumi kwa nane si haba," akasema. "Haya, nieleze. Toka mwanzo."

Na Keeley akamweleza, toka mwanzo, bila kuruka kitu.