Mwacheni Amalize

Ubaya wote ulianza na neno moja, tena la kawaida kabisa: kiu.

Gari lilikuwa limemaliza kona ya mwisho, na ziwa likajitokeza kule chini, jeupe kwa jua la saa sita. Binti alikuwa kiti cha nyuma, begi magotini.

"Baba, nina k-k-k..."

"Kiu," neno likamaliziwa.

Mama yake akampitishia chupa ya maji. Alidhani mumewe ndiye aliyemalizia. Mumewe naye alidhani ni mkewe. Ndivyo walivyoishi nyumba ile. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili na kigugumizi kisicho na huruma, na wazazi wake walishakuwa mabingwa: akianza tu, mmoja anamalizia, maisha yanaendelea. Shuleni walimpachika jina la Kasi. Baba yake alipolisikia mara ya kwanza aliwaka hasira, hasa kwa sababu nusura acheke.

Baba huyo alikuwa mwalimu wa udereva, na kila mtu, hata mkewe, alimwita Mwalimu. Miaka kumi na minane alikuwa amekaa upande wa abiria kwenye gari lenye breki mbili, akikanyaga ile yake kabla mwanafunzi hajapata nafasi ya kukosea. Subira hakuwa nayo hata ya dawa.

Safari ilikuwa wazo la mkewe, ambaye ni nesi. Alikuwa amesikia habari za kijiji cha sanaa kando ya ziwa, ambako familia huja wakati wa likizo ndefu kuchora, kufinyanga, kuimba na kuigiza. "Labda jukwaa litamfungua ulimi," alisema. Mwalimu alikubali bila tamaa yoyote.

Jioni, wakipanga nguo kabatini katika chumba walichopewa kijijini, mkewe akamtania, "Leo ulimwahi mtoto, mwenzangu, pale kwenye kona."

"Kumwahi nini?"

"Si ulisema kiu."

"Mimi? Sikusema mimi."

Wakatazamana, wakacheka, wakaendelea kukunja nguo. Chumba kilinuka nguo mbichi zilizosahauliwa kwenye ndoo, ingawa nguo zao zote zilikuwa kavu.

Kesho yake asubuhi kila mtoto alipewa ukurasa mmoja asome jukwaani. Zamu ya binti ilipofika, Mwalimu aliinama akakagua viatu vyake, kama ilivyokuwa desturi yake. Binti akasoma ukurasa wote, mwanzo hadi mwisho, bila kukwama hata mara moja. Watu wakasimama kupiga makofi. Mwalimu akalia machozi ya kweli, akawashika mikono watu watatu asiowajua na kuwaambia, "Huyo ni wangu."

Siku ya tatu alipita bafuni akamkuta binti anapiga mswaki. Mashavu yalikuwa yamejaa maji na povu, midomo imefumbwa kabisa.

"Baba, nipe taulo," sauti yake ikasema, safi, bila shida.

Mwalimu akampa taulo. Angefanya nini? Hakumwambia mkewe, kwa sababu alijua angetaka waondoke, na onyesho la watoto jukwaani lilikuwa kesho, na yeye alikuwa anaionea fahari ile sauti kuliko alivyowahi kumwonea fahari mtoto mwenyewe.

Mchana huo wakiwa mezani, akasema, "Kwa kweli mimi nashukuru kwamba sasa mtoto wetu..."

"Hatuaibishi tena," binti akamalizia, huku anatafuna mkate.

Mkewe akaweka kijiko chini. "Ndicho ulichotaka kusema?"

"Hapana!" Mwalimu akadanganya.

"Mimi nilimpenda vilevile alivyo," mkewe akasema. "Hata kama kuna siku..."

"Nilitamani nisingemzaa," binti akamalizia kwa upole, akaomba apitishiwe chumvi.

Hakuna aliyebisha. Hilo ndilo lililowatia hofu zaidi: sauti ile haikukosea.

Saa tisa fundi wa mavazi ya jukwaani, mama mtu mzima, akawaita wazazi kwenye chumba cha kushonea. Binti alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya magauni yaliyotundikwa, ametulia.

"Nimempima kifua akiwa anakariri maneno yake yote," fundi akanong'ona. "Utepe haujacheza hata kidogo. Huyu anaongea bila kupumua."

"Tufanye nini, mama?" nesi akauliza.

"Jini la maji haya haliingii kwa nguvu. Linapita penye pengo. Nyinyi mmezoea kusema mahali pake, basi na lenyewe limesema. Nitalinyamazisha kidogo. Mwenyewe atajaribu. Akimaliza neno moja kwa ulimi wake, limetoka. Lakini mkimsaidia, mmelikabidhi mtoto. Mmenisikia? Mwacheni amalize."

Akamfunga binti utepe shingoni, fundo jepesi, akasoma maneno yake chini kwa chini. Binti akashtuka. Kisha, kutoka mbali sana ndani yake, kikaja kigugumizi kile walichokijua.

"Ni... ni-ni..."

Maji meusi yakaanza kumtoka puani, na harufu ya tope ikajaa chumba mpaka macho yakawawasha, na magauni yakawa yanayumba kwenye misumari ilhali madirisha yamefungwa, na binti akazidi kusukuma, "ni-ni-ni," mishipa imemtoka shingoni, kucha zimegeuka rangi, macho yake, yake mwenyewe hasa, yamemkazia baba yake kwa ombi ambalo hata kipofu angeliona, dakika ya kwanza ikapita na ya pili na ya tatu, mama yake anauma kiganja chake mpaka damu, fundi anatikisa kichwa, bado, bado, na midomo ya mtoto ikajikunja tena kulikamata lile neno, na Mwalimu akahisi kwamba akingoja pumzi moja zaidi atakufa yeye.

"Nitoe!" akapiga kelele. "Anasema nitoe! Mtoeni!"

Magauni yakatulia. Fundo la utepe likalegea lenyewe, likaanguka. Binti akajifuta pua kwa mkono, akakaa vizuri kitini.

"Hapana, Baba," sauti ikasema. "Alikuwa anasema ningoje. Ilibaki kidogo tu."

Fundi akaokota utepe wake, akatoka bila kumtazama mtu. Nesi akasogea mbali na mumewe mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Mwalimu akapiga magoti. Akaishika mikono midogo, iliyokuwa baridi na yenye maji. "Nakungoja, mwanangu," akasema, akilia. "Sema polepole. Sisemi kitu. Baba anakungoja, hata iwe mpaka kesho."

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo tangu azaliwe, na alimaanisha kila neno.

Macho ya binti yakamtazama kwa muda, yakimchunguza, mpaka Mwalimu akaanza kupata tumaini.

"Unamngoja nani?" sauti ikauliza.