Alimlilia Mume Wangu, Wake Akiwa Hai

Nina miaka sabini na kitu. Hicho kitu sikijui, maana cheti changu cha kuzaliwa kilipotelea stesheni ya Kolwezi pamoja na masanduku yetu. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Ila kwa habari ya Bernadette sikosei hata neno...

Mume wangu Mukendi alikuwa mtu wa mkoa wa Kasai, lakini alizaliwa hapa hapa Musonoi na kuchimba shaba ya hapa. Mimi ni wa Katanga hii hii, upande wa kaskazini. Tuliishi vizuri! Kisha kampuni ya shaba ikaanza kufa, mishahara ikakoma, watu wakatafuta wa kulaumiwa. Wakasema Wakasai watoke Katanga, warudi kwao.

Siku wafukuzaji walipofika kwetu, aliyepiga filimbi langoni kuwaonyesha nyumba yetu alikuwa Kalenga, jirani, karani, mtu aliyekula bukari yangu, ugali wa kwetu, Krismasi tatu! "Bilulu, mutoke!" alipiga kelele. Bilulu ni wadudu. Mukendi akatoka na redio kwapani. Redio yenyewe ilikuwa mbovu, mpaka leo sijui kwa nini aliibeba.

Tulingoja treni ya Kasai pale stesheni majuma mengi, tukilala juu ya saruji. Kuhara kukamkamata. Alikufa kabla treni haijafika... Nikarudi Musonoi kwa dada yangu na batoto bane.

Bernadette, mke wa huyo Kalenga, ndiye aliyekuwa akituletea uji kule stesheni. "Dada, haya ni mambo ya wanaume," aliniambia akilia. Nikamwamini. Nani asingemwamini mtu anayemlishia watoto?

Ikapita miaka michache, akanijia na karatasi. Alikuwa mwalimu, Kifaransa chake kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Alinieleza kuna chama cha kimataifa cha wasomi wa uchumi, wengi wao wanawake. Wanasema hesabu za nchi ni za uongo, kwa kuwa zinapima shaba lakini hazimpimi mama anayetwanga, anayechota maji, anayeuguza. Walimtaka mama mmoja wa kwetu asimulie alivyoishi kampuni ilipoanguka.

Jamani, nilifurahi! Maana Mukendi, Mungu amrehemu, akiulizwa mke wake anafanya nini alijibu, "Hafanyi kitu, yuko nyumbani." Nilimpenda, lakini hilo lilinichoma.

Nikasimulia siku tatu huku napepeta mahindi. Bernadette akaandika. Nilimwambia aweke jina langu chini kabisa, kwa herufi kubwa. Akasema ameweka. Mimi Kifaransa sisomi...

Akaalikwa Ulaya kwenye mkutano wa chama. Nilidhani ameenda kunisomea. Akarudi na viatu vipya, akaniletea kitambaa cha kichwa. Na mimi mjinga nikamshukuru!

Mwaka uliofuata wageni wawili wa chama wakaja kumtembelea nyumbani kwake. Niliitwa kupika. Kalenga aliambiwa akae kwa muuza munkoyo, pombe yetu ya mahindi, nyuma ya ua, mpaka wageni waondoke. Nilishangaa. Karani mzima anafichwa kama mbuzi wa wizi?

Nilikuwa nasonga bukari pale uani nilipomwona mgeni mmoja, mama wa mvi, amemshika Bernadette mkono, analia. Kifaransa sikijui, lakini maneno matatu nayajua, nilifundishwa na siku ya mazishi: mari, mort, gare. Mume, kufa, stesheni. Mgeni aliyasema yote matatu. Na Bernadette akaitikia, akifuta macho kwa ncha ya kitenge!

Ndipo nikaelewa: maisha yangu aliwasimulia kama yake, akajifanya yeye ndiye mjane. Machozi ya mume wangu yanaliwa na mke wa aliyempigia filimbi!

Nikaweka mwiko chini. Nikaenda kwa muuza munkoyo.

"Tata Kalenga, bageni banakuita."

"Bananiita mi?"

"Ee, tata. Beko banalia juu yako."

Kalenga alipenda sifa kuliko nyama. Akafuta mdomo, akafunga vifungo vya koti. "Si nilimuambia huyu mwanamuke! Bageni batatafuta kichwa ya nyumba!"

Akaingia uani, akavua kofia, akasema kwa Kifaransa cha ofisini kuwa yeye ndiye mume. Mama wa mvi akauliza tena. Kalenga akagonga kifua: "Le mari! Ni mi!"

"Mumupokee marehemu!" nikapaza sauti. "Amefufuka na harufu ya munkoyo!"

Wapishi wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha kifuniko. Bernadette akawa wa rangi ya majivu. Lo, ilikuwa tamu! Sitawadanganya, ilikuwa tamu kuliko asali...

Kisha wageni wakafunga madaftari yao, wakasimama. Nikawakimbilia. "Aliyekufa ni wangu! Mukendi! Muandike jina yake!" Hawakuelewa. Wakamgeukia Bernadette, maana ndiye aliyekuwa mkalimani wao.

"Uwaambie," nikamwambia.

Akanitazama sana. "Ulitaka nifunge kinywa, mama. Basi, njo nimefunga."

Na Kalenga? Kifaransa alikuwa nacho, lakini angesema nini? Kwamba filimbi ilikuwa yake?

Gari likaondoka. Baadaye nilisikia chama kilimfuta Bernadette kitabuni mwao, yeye na habari yote aliyoiandika. Afutwe! Lakini walifuta na kutwanga kwangu, na stesheni, na Mukendi...

Sijutii kumwita Kalenga. Leo akipita hapa nitamwita tena. Najutia nilivyotangulia na hasira, jina la mume wangu likiwa bado mdomoni mwa mwingine. Wamama wenzangu, msinifuate njia hii! Msimpe mtu mmoja kalamu yenu na kinywa chenu. Na ukimkuta mwizi amebeba kitu chako, kitoe kwanza mikononi mwake. Halafu ndipo umpige!