Barua Pepe Isiyo na Jina

Siku za likizo, kazi yangu ya kwanza asubuhi ni kumfunga dada vifungo vya blauzi. Mkono wake wa kulia uko kwenye plasta tangu alipoanguka akienda chuoni kufanya mtihani. Ijumaa ile hakutulia hata nimfunge: mara dirishani, mara kwenye simu.

"Mhadhiri hajajibu! Saa sita mchana orodha ya mtihani maalumu inafungwa. Nikikosa, narudia mwaka mzima!"

Jumatatu ya wiki ile dada alinitajia barua pepe ya kumwandikia mhadhiri wake, neno kwa neno. Nje marafiki walikuwa wakinipigia miluzi twende kuruka kamba. Basi nikalipua kazi. Niliandika mistari miwili, nikaituma kutoka anwani yangu mwenyewe, nikamwambia dada nimeandika yote.

"Dada," nikasema, "nilikudanganya."

Nilipomweleza, alipiga kelele, "Ama kweli wewe mtoto! Vaa viatu, twende!"

Tulifika chuoni tukihema. Katibu wa idara, mama mnene mwenye miwani, alimwita mhadhiri. Mhadhiri akatafuta kwenye kompyuta, kisha akasoma kwa sauti: "'Mambo vipi? Mimi ni yule niliyevunjika mkono. Nataka mtihani. Jibu haraka!!!' Na imetoka kwa Chui Mkali."

Katibu akaangua kicheko. Hilo ndilo jina nililoipa anwani yangu; mimi nilitaka kulia.

"Nina wanafunzi mia tatu," mhadhiri akasema. "Nilidhani ni mzaha wa watoto."

"Shikamoo, mwalimu. Ni mimi niliyeandika. Dada hana kosa. Alinipa maneno mazuri, nikayaacha."

"Marahaba. Nahitaji ombi la maandishi, na sasa ni saa sita kasoro dakika kumi na tano. Kaa uandike."

Safari hii nilitumia simu na anwani ya dada. Kwenye kichwa cha barua niliandika "Ombi la mtihani maalumu." Ikafuata salamu ya heshima, jina kamili la dada, namba yake ya usajili, sababu na shukrani. Nilikuwa karibu kubonyeza "tuma."

"Na cheti cha daktari?" dada akauliza.

Loo! Nikaambatisha picha ya cheti iliyokuwa simuni, nikasoma tena tangu mwanzo, nikatuma. Mhadhiri akaidhinisha, katibu akaandika jina la dada kwenye orodha. Zilibaki dakika tatu. Dada akaketi sakafuni palepale, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mhadhiri akanigeukia. "Mwanangu, ukija ofisini nakuona uso na kusikia sauti yako. Kwenye barua pepe sina hayo; nina maneno tu. Ndiyo maana yanataka jina, adabu na utulivu. Na maneno ya mwenzako ni amana. Ukipewa uyafikishe, yafikishe yote."