Kijumba cha Severa na Kopo Lililofichwa

Kila alasiri Severa alikaa nyuma ya meza ya ndizi ya shangazi yake, sokoni Kariakoo, akikunja maganda makavu ya migomba yaliyofungia mikungu kutoka Moshi. Watu walijaa tele, lakini yeye alikuwa mpweke. Tangu ahame kwao Moshi kuja Dar es Salaam kuanza darasa la sita, alikaa dawati la peke yake, na wenzake walimwita "Mgeni" kana kwamba hakupewa jina. Lilimuuma hilo.

Mwalimu Ramadhan alipotangaza maonyesho ya elimu ya kujitegemea, Severa alijenga kijumba cha kuelea, kwa ajili ya watu wa bonde la Jangwani, ambao mafuriko huwafuata mpaka kitandani. Sakafu na kuta alizisuka kwa maganda ya kwao. Madirisha akayaziba kwa karatasi za tiara, rangi zikacheza majini. Kizuri, usiambiwe. Lakini maganda yalikunywa maji, kijumba kikazama mara tatu. Basi akaficha chini yake kopo la maziwa ya unga, akaliziba kwa lami.

Siku ya maonyesho kilielea ndani ya karai tangu asubuhi hadi jioni.

"Kinaelea kwa nini?" Mwalimu aliuliza.

"Kwa maganda tu, Mwalimu. Ukiyasuka vizuri hayaingizi maji."

Alitaka sana watu wasifu vitu vya kwao. Nao walisifu. Kesho yake Hyasinta, msichana wa Jangwani, akahamia dawati lake. Wiki nzima waligawana muhogo wa kuchoma, na Severa akasahau kulia usiku.

Siku moja Hyasinta akasema, "Baba amekusanya maganda. Anamsukia mdogo wangu Agnesi kitanda cha kuelea. Masika iliyopita nusura maji yamchukue."

Severa akauweka muhogo chini. Akisema, atampoteza rafiki wa pekee. Akinyamaza, je, Agnesi?

"Nilidanganya," akasema. "Maganda yanazama. Kuna kopo chini."

Hyasinta akainuka. Akachukua daftari zake, akarudi dawati lake la zamani. Severa akabaki peke yake, na safari hii alijua sababu. Alilia, kisha akaenda kumweleza Mwalimu yote.

Asubuhi iliyofuata baba yake Hyasinta alifika shuleni na binti yake. "Mwalimu, nataka kujua makopo mangapi yatambeba mtoto wa miaka mitatu."

"Muulize fundi mwenyewe," Mwalimu akajibu, akimwonyesha Severa. Kisha akamgeukia. "Mwanangu, maganda yaliipamba nyumba yako, lakini kopo ndilo lililoibeba. Umeficha akili yako ukatuonyesha uongo, na uongo huo ungemzamisha mtoto. Kazi ya mikono hutegemewa na watu. Ukiikosea, sema mapema."

"Nisamehe, baba," Severa akamwambia mzee yule. "Tujaribu kwanza na jiwe lenye uzito wa Agnesi."

Hyasinta akaweka daftari zake juu ya dawati. "Severa," akasema, "sogea kidogo."