Kahawa Haitapikwi

Alhamisi alasiri Amman nzima huingia barabarani kwa pamoja, na kila mtu huamini kuwa yeye ndiye mwenye haraka. Munis naye aliamini hivyo. Mbele yake kigari cheupe kilitambaa kama kimebeba jeneza, kikimpisha kila aliyetaka kupita: teksi, pikapu ya matikiti, hata mzee aliyevuka huku akitafuta miwani mfukoni. Munis alipiga honi mpaka kiganja kikamuuma.

Kigari kikaegeshwa mbele ya tanuri la mikate, na Munis, aliyetumwa mikate na mama yake, akaegesha nyuma yake. Akashuka mwanamke mrefu, shati jeupe la kiume limekunjwa mikono, mtandio wa rangi ya komamanga umeteleza hadi kisogoni. Alikuwa mzuri. Lakini kilichomshangaza Munis ni viganja vyake: vilikuwa na sugu kama vya mwashi.

"Dada, samahani," alisema kwenye foleni. "Gari lako linaumwa, au lina msiba?"

Watu wakacheka. Mwanamke akageuka taratibu.

"Lina adabu. La kwako halikulelewa?"

Wakacheka zaidi, safari hii upande wake.

"Nakutania tu. Ukitaka nitakufundisha kuendesha. Bure."

"Bure kabisa?"

"Kwa ajili ya taifa."

Akamtazama kwa makini, akafinya jicho moja. "Sauti hii naijua. Wewe ndiye yule wa redio asubuhi, unayewauliza watu maswali mpaka wanakukatia simu."

"Ndiye mimi. Munis."

"Pole. Basi Jumamosi asubuhi, barabara ya Bahari ya Chumvi, penye kituo cha maji kilichofungwa. Usichelewe, mwalimu."

Hakuchelewa. Alivaa shati lililopigwa pasi na miwani ya jua aliyoazima kwa binamu yake. Alipofika alikuta mahema, mafundi wenye mikono myeusi kwa mafuta, magurudumu yamerundikwa kama mikate. Akadhani amepotea. Kisha mlimani pakalia kitu mfano wa radi, likatokea gari la bluu likija ubavu ubavu, likikata kona kwa mkia, vumbi likisimama nyuma yake kama ukuta. Likafika, likasimama hatua chache kutoka kwenye viatu vyake vilivyong'arishwa. Mlango ukafunguliwa. Helmeti ikavuliwa.

"Mwalimu," alisema yule wa tanuri la mikate, anahema, nywele zimemganda kwenye paji. "Tuanze na honi?"

Jina lake Rudaina. Alikuwa dereva wa mbio za magari, na mwanamke mfupi aliyeshuka upande wa pili alikuwa Dalal, msoma-njia wake, mwenye kumwambia kila kona kabla hawajaifikia.

Mtu mwingine angeondoka kwa aibu. Munis alivua miwani akaanza kuuliza. Gurudumu moja linadumu kwa muda gani? Mkanda huu unabana wapi? Mkipinduka mnafikiria nini? Rudaina alijibu mpaka chai ikaisha kwenye chupa.

"Na mjini? Kwa nini mjini unaendesha kama bibi kizee?"

Rudaina alifikiri kidogo. "Huku Dalal ananiambia kilichoko nyuma ya kilima. Mjini nani ananiambia?"

Jibu hilo ndilo lililommaliza Munis.

Simu zikaanza. Zilianza kama utani, zikaendelea kama dawa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula vumbi. Wewe je, umemkera nani leo?"

"Waziri mmoja. Amenikatia hewani."

"Safi. Ningekuwa mimi ningekata mapema."

"Ungekata? Wewe?"

"Nisingekata, Munis. Ndiyo maana nina shida."

Mwaka uliposogea, timu moja ya Ghuba ikamwahidi Rudaina mkataba wa msimu mzima. Kwa mara ya kwanza angelipwa ili aendeshe, badala ya kuomba wadhamini kama mtu anayeomba moto kwa jirani. Siku aliyompigia Munis kumwambia, alilia kwanza kisha akacheka, na Munis akapeleka posa wiki hiyo hiyo.

Posa kwao haipelekwi na mtu mmoja. Munis aliongozana na wanaume wa ukoo wake, suti na kanzu, mbele yao Sheikh Fawwaz, kaka wa babu yake, ndevu nyeupe na joho jeusi lenye uzi wa dhahabu. Baba yake Rudaina alikwisha kufariki, kwa hiyo aliyewapokea ni ami yake, Abu Mithqal, mtu wa tumbo kubwa na sauti kubwa kuliko tumbo. Kahawa ikaletwa. Sheikh Fawwaz akakipokea kikombe chake, akakiweka mezani bila kukionja, na wanaume wote wakaweka vyao. Ndiyo desturi: mwenye haja hanywi mpaka apewe haja yake, na akinywa amekubali alichopewa, jinsi alivyopewa.

Sheikh akaomba binti. Abu Mithqal akajikohoza.

"Binti yetu ni wenu," alisema. "Na kuanzia leo funguo za lile gari ziko kwangu. Mke wa mtu hashindani na wanaume jangwani. Kunyweni kahawa yenu, Mungu awabariki."

Hilo halikuwemo katika mazungumzo yoyote. Munis akamgeukia mzee wake. Lakini Sheikh Fawwaz alikwisha kunyanyua kikombe, na wanaume wote wakanyanyua, na macho yote yakamgeukia bwana harusi. Akajiambia: maneno ya baraza hayo, tutayarekebisha nyumbani. Akanywa.

Vigelegele vikapasuka kutoka chumba cha wanawake. Munis aliijua sauti ya Rudaina hata katikati ya injini. Humo hakuisikia.

Jioni simu ikaita.

"Ulikunywa?"

"Rudaina, mpenzi, nisikilize..."

"Ulikunywa au hukunywa?"

"Nilikunywa. Ningefanyaje? Nimwage kahawa mbele ya Sheikh Fawwaz?"

"Ungenyamaza nayo mkononi! Kikombe kingepoa, wangeelewa. Mimi naingia kona nisiyoiona kwa sababu namwamini mtu. Leo nilikuwa nyuma ya mlango, nakuamini wewe."

"Yatarekebishwa, macho yangu. Baada ya harusi..."

"Hakuna baada. Mkataba unataka saini yangu mwezi huu. Ami amechukua funguo, anasema mchumba wangu ameridhia. Na kweli umeridhia."

Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa, wala kesho yake, wala keshokutwa.

Redioni wasikilizaji walianza kulalamika: mtangazaji wao anauliza swali moja kisha anasahau kusikiliza jibu. Mama yake alimtazama akizungusha kijiko kwenye bakuli la dengu mpaka likapoa. "Mwanangu," alisema, "hiyo supu haikukosea kitu."

Munis akaondoka mezani, akaenda moja kwa moja kwa Sheikh Fawwaz.

"Mzee wangu, naomba turudi kule."

"Kurudi kufanya nini?"

"Kulirudisha sharti."

Mzee alimkodolea macho. "Wewe! Kahawa haitapikwi. Nina umri huu wote sijasikia mtu aliyeinywa akarudi kuikana."

"Utamsikia leo, ukikubali kunisindikiza. Ukikataa nitakwenda peke yangu, na hiyo itakuwa aibu kubwa zaidi."

Mzee alimtukana vizuri, kwa utaratibu, kuanzia kwa mjomba wake. Kisha akaomba joho lake.

Abu Mithqal aliwapokea kwa furaha, akidhani wamekuja kupanga siku. Kahawa ikaletwa. Munis hakukigusa kikombe.

"Ami," alisema, kwa sauti ile iliyozoea kuongea na nchi nzima. "Nilikubali jambo ambalo si langu kulikubali. Nilinyamaza kwa kuogopa macho ya watu. Ukinipa Rudaina na usukani wake, nitakushukuru hadi kaburini. Ukinipa bila usukani, simchukui. Kazi yake siyo mahari yangu."

"Basi humpati!" Abu Mithqal alisimama. "Tumekupa binti, unaturudishia kama kiatu kisichokutosha?"

"Simrudishi yeye. Namrudishia chake."

"Toka nyumbani kwangu!"

Pazia likavutwa. Akaingia mama yake Rudaina, amevaa thobe, gauni refu jeusi lenye darizi nyekundu kifuani, ambaye tangu afiwe hakuwahi kuingia kwenye baraza la wanaume. Hakumtazama Munis. Alimnyooshea shemeji yake mkono.

"Funguo, Abu Mithqal."

"Rudi ndani, mama."

"Nilikaa ndani siku ile, nikapiga vigelegele kama mjinga huku mwanangu anatetemeka ubavuni mwangu. Marehemu ndugu yako ndiye aliyempa gari lile, si wewe. Funguo."

Sheikh Fawwaz, ambaye hakuna aliyemwomba neno, alijikohoza. "Mpe mwanamke funguo, Abu Mithqal. Mimi nimeshaaibika leo, aibu kidogo zaidi haitaniua."

Funguo zilitoka. Lakini posa ilivunjika: Munis alitoka mlangoni bila mchumba, na mlango ukafungwa nyuma yake kwa kishindo.

Alisikia habari kama wasikilizaji wake wanavyozisikia: Rudaina ametia saini. Akazisoma yeye mwenyewe hewani, akazisoma vizuri, kisha akaweka muziki mrefu.

Siku ya pili simu ikaita.

"Nafanya majaribio Jumamosi," Rudaina alisema. "Dalal ana mafua. Kiti chake kipo wazi."

"Mimi sijui kusoma njia."

"Njia hiyo naijua kwa moyo. Sihitaji msomaji. Nataka uone ulichokirudisha."

Wakamvisha ovaroli iliyombana tumboni. Mafundi wakamfunga mikanda mpaka akashindwa kuvuta pumzi. Rudaina alikaa upande wa kushoto, penye usukani, ovaroli ya bluu, macho tu yakionekana ndani ya helmeti. Hakumsalimia. Akatia gia, na jangwa likawarukia usoni.

Munis alipiga kelele kwa mfululizo, na hakuona haya. Mawe yaligonga chini ya gari kama mvua ya mawe. Kona ya kwanza ikapita, na ya pili, na kilima kikawarusha, magurudumu yote yakaiacha ardhi. Hapo hewani Munis akatambua kwamba ami mmoja alikwisha kusema, na sheikh, na mama, na yeye mwenyewe mara mbili, kila mmoja juu ya mwanamke huyu.

Gari likatua.

"Rudaina!" alisema kwenye kipaza sauti cha helmeti. "Wewe unataka nini?"

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi!"

Hakupunguza mwendo. "Nataka kumaliza msimu huu nikiwa mzima. Nataka nyumba yenye gereji. Nataka nikirudi nimeshindwa, mtu asinihurumie."

"Na nini tena?"

"Na wewe, mjinga wee. Sasa nyamaza, kona hiyo!"

Munis alinyamaza, akaikaza mikono yake kwenye mikanda, akaitazama kona ikija.