Neno la Tano

Nilikwenda zahanati jioni kupima presha, basi. Mjukuu wangu alinisindikiza akitoka kazini, akakaa kwenye benchi nje. Nesi akaniambia siku hizi wazee wote wanapimwa kumbukumbu pia, chumba cha mwisho.

Habari za chumba hicho nilishazisikia. Jirani yangu, fundi cherehani, alitajiwa maneno matano mle akayarudisha yote. Akasifiwa. Jioni ile ile akashika mkasi wake wa miaka arobaini, akauliza ni kitu gani. Halafu akamuuliza mkewe, "Wewe ni nani?" Mkasi na jina la mke yalikuwa kati ya yale matano.

Mimi nilicheka. Uzee huo, nikasema.

Chumba kilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi... na mshumaa sikuuona. Mpimaji alikuwa mwanamke wa koti jeupe. Kalamu yake ilikwaruza karatasi bila kuacha wino.

"Sikiliza tu, mama. Nitakuuliza baadaye."

Akataja matano. La kwanza siwezi kukuandikia. Yaliyofuata ni sufuria, mwavuli, jiwe.

Na Kidege.

Hilo ni jina la mjukuu wangu. Nilimpa mwenyewe siku mama yake alipofariki, na nje ya nyumba yetu halijawahi kutamkwa.

Dakika tano zikapita.

"Haya, mama."

Nikalitamka la kwanza, kwa kiburi changu. Kwaruu... kalamu ikapita, na kichwani mwangu kitu kikachomoka kama uzi kwenye pindo.

Lilikuwa limekwenda.

Niliogopa. Halafu nikakasirika.

"La tano tu litatosha," akanong'ona. "Liko mdomoni."

"Sikumbuki."

"Unakumbuka, mama."

"Mimi mzee. Andika nimesahau."

Akaandika. Safari hii wino ulitoka.

Sasa Kidege ananificha viberiti, akihofu nitaunguza nyumba. Simwiti tena jina lake kwa sauti, kwa hiyo anaamini nimemsahau, na analia jikoni akidhani sisikii. Inaniuma sana. Lakini ninajua anayelia ni nani.

Jana jioni kikagongwa kile kitu cha ukutani chenye vioo na pazia, kile ambacho jina lake alilichukua yule mwanamke. Harufu ya mshumaa ikaingia.

"Mama... bado lile la tano."

Nikamshika Kidege mkono.

"Sikumbuki," nikamjibu. "Na kesho ukija, sitakumbuka."